Siku moja maishani mwangu: pepa lilivuja

Saa 11:40 alfajiri
Hata uso sijanawa, mkono uko kwenye simu. Jana niliiacha modeli yetu, programu ya kompyuta inayojifunza kwa mifano kutambua damu kwenye picha za kichwa, ikijifunza usiku kucha kwenye seva ya ofisini, na dua yangu ilikuwa moja tu: umeme usikatike. Haukukatika. Alama imetoka 0.97. Maana yake, ukiipa modeli skani mbili za kichwa, moja ina damu na nyingine haina, mara 97 kati ya 100 itaitilia shaka zaidi ile yenye damu. Wiki iliyopita tulikuwa na 0.88.

Mke wangu anauliza mbona nimenuna. Namwambia tumefaulu sana. "Sasa?" Sasa ndiyo hapo. Mtoto wa wastani wa C hawi wa kwanza kitaifa ndani ya wiki moja bila watu kuuliza pepa alilipata wapi.

Saa 1:10 asubuhi
Mwendokasi kutoka Kimara, nimesimama, begi kifuani. Kwa mnaoniuliza kila siku nafanya kazi gani: tunaifundisha kompyuta kutambua damu iliyovilia ndani ya fuvu kwenye picha za CT, zile eksirei zinazokionyesha kichwa slesi kwa slesi. Wagonjwa wetu wengi ni vijana wa bodaboda, kisha wazee wa presha waliopata kiharusi. Hatutaki imwondoe daktari. Tunataka skani yenye damu ipande juu ya foleni, isikae chini ya skani kumi za watu wanaoumwa kichwa cha kawaida.

Saa 2:20
Chai, vitumbua viwili, na skani ya kwanza. CT ya kichwa kwa mashine zetu ni kama mkate wa slesi: kila slesi milimita 5, kwa hiyo kichwa kizima kinatoka slesi 30 hivi, na kila slesi ni pikseli 512 kwa 512. Kila pikseli ina namba kwenye kipimo chenye jina la Godfrey Hounsfield, injinia Mwingereza ambaye mashine yake ilipiga mgonjwa wa kwanza London mwaka 1971. Maji ni 0, hewa ni −1000, ubongo unacheza kwenye 30 na kitu, damu mbichi 50 hadi 80, na mfupa unapita mamia.

Jicho la binadamu haliwezi kutofautisha 35 na 60 kwenye safu ndefu hivyo. Ndiyo maana madaktari hufungua "dirisha": katikati 40, upana 80. Kila kilicho chini ya 0 kinakuwa cheusi, kila kilichopita 80 kinakuwa cheupe. Shida ni kwamba chokaa iliyojiweka ubongoni nayo inapita 80, basi inang'aa palepale inapong'aa damu. Modeli yetu ya kwanza iliwapa wazee wengi ugonjwa wasiokuwa nao. Siku hizi tunaipa madirisha matatu kwa mpigo, la ubongo, la damu inayovilia pembeni mwa ubongo na la mfupa, na imetulia kidogo.

Saa 4:00
Saa ninayoipenda kuliko zote, maana Dokta anakuja. Ni bingwa wa radiolojia, mama wa makamo, na miwani anaivua pale anapotaka kuona vizuri. Naziweka mbele yake moja moja skani za mtihani, zile ambazo modeli haikutakiwa kuziona wakati wa kujifunza.

"Hii chokaa, mwanangu. Endelea."

"Hii damu kweli, na imeanza kuusukuma ubongo upande wa pili. Endelea."

Kisha akanyamaza. Akarudisha slesi juu, akashusha, akarudisha tena.

"Huyu nimeshamwona."

Nikamwambia haiwezekani, Dokta, majina yote tumeyafuta. Akagusa kioo kwenye paji la uso, pale penye uwazi wa sinasi, yaani nafasi ya hewa ndani ya mfupa. Umbo la uwazi ule, akasema, halifanani kwa watu wawili; hata maiti zisizojulikana huweza kutambuliwa kwa hilo. "Huyu alikuja hana tundu la upasuaji. Sasa analo. Kijana ni yuleyule."

Nikatafuta. Skani yake ya kwanza ilikuwa kwenye fungu la kujifunzia. Ya pili ilikuwa kwenye fungu la mtihani.

Kosa ni langu mwenyewe. Programu ya kuficha majina niliiandika mimi, na nikaipa kila *skani* namba mpya badala ya kumpa kila *mtu* namba yake. Zamani haikuonekana sana. Lakini kifurushi cha skani tulichoongeza wiki iliyopita kimejaa majeruhi, na jeruhi wa kichwa hupigwa skani leo, kesho, na tena baada ya upasuaji. Modeli ilikuwa inakumbuka mafuvu.

Saa 5:30
Nampigia kaka wa kumbukumbu hospitalini. Majina siyahitaji, na sheria ya taarifa binafsi ya 2022 haitaki niyaone. Nahitaji tu kujua namba zipi ni za mtu mmoja. "Subiri nimalize foleni, bro."

Saa 7:15 mchana
Wali, maharage, dagaa. Foleni haijaisha.

Saa 8:40
Jedwali limefika. Namba zinazojirudia ni nyingi hadi aibu. Nagawa upya, mtu na skani zake zote fungu moja, nawasha mafunzo. Saa 9:25 umeme unakatika. UPS inalia, jenereta inakohoa, inashika.

Hatuanzi kutoka sifuri. Modeli ilijifunza kwanza kwenye mkusanyiko wa 2019 wa RSNA, chama cha radiolojia cha Amerika Kaskazini, skani zaidi ya 25,000 kutoka Marekani na Brazil. Zimetusaidia sana. Ila hakuna hata moja ya huku, na ndiyo maana huu mtihani wetu mdogo wa nyumbani naulinda kwa wivu.

Saa 12:30 jioni
0.89.

Bosi anapiga. "Kaka, ile 97 nimeshaiweka kwenye slaidi za kesho."

"Itoe."

"Tuweke ngapi?"

"89."

Kimya. "Kwa hiyo wiki nzima tumepanda pointi moja?"

"Moja ya halali."

Akacheka, cheko la mtu aliyeumia. Akasema kama ni hivyo kesho nije nieleze mwenyewe mbele ya wageni, naye atakaa nyuma.

Saa 4:00 usiku
Slaidi moja imebaki: nimeweka zile skani mbili pembeni kwa pembeni, kabla ya tundu na baada ya tundu. Kisha nikazitoa, maana kama Dokta alimtambua kijana kwa sinasi, mwingine pia anaweza. Nimechora fuvu kwa mkono. Limetoka kama embe.