XL250S: ringi ya 21 mbele, na usukani hatimaye umetulia

Usukani umeacha kutikisika. Leo nimeshuka kona 57 za Matamba mpaka Chimala, nikaingia lami ya TANZAM, barabara kuu ya kwenda Zambia, kurudi Mbeya, nikavuta mafuta mpaka sindano ikapita 80, nikalegeza viganja. Kimya kabisa. Naandika usiku huuhuu, maana najua kuna wenzangu wana pikipiki za Honda XL250S au XL500S za mwishoni mwa miaka ya 1970 zimefunikwa turubai kwa sababu moja tu: tairi la mbele.

Mnaijua hadithi. Honda waliziwekea ringi ya inchi 23 mbele, tairi 3.00-23 (unene inchi 3, ringi inchi 23). Wazo lenyewe nalitetea mpaka kesho, kwa sababu gurudumu kubwa linapanda jiwe na kuvuka korongo dogo bila kukurusha. Shida ni kwamba saizi hiyo haikushika. Pikipiki za porini karibu zote zimebaki na 21, na sisi tumeachiwa ringi isiyo na tairi. Nimezunguka maduka ya Mwanjelwa na Kabwe, jibu ni lilelile: "Kaka, hiyo saizi haipo." Kuagiza nje kunawezekana, lakini unaagiza tairi, unaagiza na tyubu, halafu siku msumari wa Isongole ukikuchoma uko palepale. Hivyo 21, basi.

Kwenye karatasi kazi ni nyepesi: habu (kitovu cha gurudumu) ileile, ringi ya 21 yenye matundu 36, spoku fupi zaidi kwa karibu inchi moja. Kilichonitesa ni matundu ya ringi. Watu wengi wakishahesabu 36 wanalipa na kuondoka. Angalieni tundu limeelekea wapi! Ringi iliyotoka kwenye pikipiki ya breki ya diski imetobolewa kwa ajili ya habu nyembamba, na sisi tuna breki ya ngoma, habu pana. Spoku inatoka kwenye habu kwa pembe moja, tundu linaitaka kwa pembe nyingine, kwa hiyo inajikunja pale shingoni kwenye nati yake. Inakaza vizuri tu, hata gurudumu linanyooka. Baada ya barabara ya mawe spoku zinaanza kukatika, na zote zinakatikia mahali pamoja, mwanzo wa nyuzi. Ringi ya kwanza niliuziwa kwa maneno matamu kwamba "inaingia habu zote". Haiingii. Iliyokubali ni ringi ya chuma iliyotoka kwenye pikipiki nyingine ya breki ya ngoma, nzito kuliko ringi ya aluminiamu, lakini spoku zimeingia zimenyooka.

Kuhusu spoku: fundi alitaka kukata zile za zamani na kuzipiga nyuzi upya kwa dai, yaani chombo cha kukatia nyuzi. Nilikataa. Nyuzi za kiwandani zinaviringishwa, chuma kinabanwa bila kuondolewa. Dai inakula chuma, na inakila pale ambapo spoku inabeba mzigo wote. Nilisubiri seti kutoka Kariakoo na sijutii kusubiri.

Nikiwa hapohapo kwenye zana: vile vispana vya spoku vya bei rahisi, vya duara vyenye midomo mingi, ni laini mno. Vinatafuna nati, na nati ikishatafunwa hiyo spoku hutaikaza tena. Chukua spana ndogo nzuri, mkereza aifanyie mdomo unaobana kabisa. Kwa kunyoosha ringi sitafuti mashine. Waya mgumu uliofungwa kwenye shokapu ya mbele, ncha ikikaribia ringi kwa unene wa kadi ya simu, unaonyesha kila kitu. Anza na kupanda na kushuka, malizia na kucheza pembeni. Na vyuma vya kuvulia tairi viwe vifupi. Virefu vinakupa nguvu usiyoihitaji, na tyubu ndiyo inayoilipia.

Sasa kutikisika. Gurudumu limekaa, limenyooka, mjini safi. Ukifika lami ya Uyole na kuongeza mwendo, usukani unaanza kutetema kushoto kulia. Fundi alisema golori za shingo. Tukabadilisha golori, tukakaza, tukalegeza, ikabaki vilevile. Akasema shokapu. Tukabadili oili ya shokapu (naweka ATF, oili ya gia za otomatiki, maana oili ya injini ya 40 wanayoimimina wengi hapa inakuwa nzito asubuhi ya baridi, hasa ukipanda Kitulo, na shokapu inageuka gongo). Mwendo ukawa laini zaidi, mtetemo ukabaki.

Jibu lilikuwa kwenye hesabu. Tairi 3.00-23 lina kipenyo cha kama mm 737. 3.00-21 ni mm 686. Mbele imeshuka mm 25. Ikishuka mbele, shingo inasimama wima zaidi, na ule umbali kati ya pale mstari wa shingo unapogusa ardhi na pale tairi linapogusa unapungua. Umbali huo ndio unaolirudisha gurudumu mbele lenyewe. Gurudumu dogo peke yake linaupunguza, shingo ikisimama unapungua tena. Golori hazikuwa na kosa.

Kwa hiyo nikaishusha nyuma na kuinyanyua mbele. Nyuma nilitoa 4.60-18 nikafunga 4.10-18: kwa maandishi ya tairi inashuka mm 13. Mbele, mkereza wa Soweto alinikatia vipande viwili vya bomba la chuma, mm 15 kila kimoja, vikakaa juu ya springi ndani ya shokapu. Ukijumlisha unapata karibu zile 25 zilizopotea. Pembe ya shingo imerudi. Ule umbali haujarudi wote, na kwenye kona za Matamba nimeufurahia upungufu huo, pikipiki inaingia kona kali kirahisi kuliko zamani. Mkipima springi zenu zimechoka, bomba liwe refu kidogo, ila msizidishe mpaka shokapu igonge juu inapofunguka.

Mambo mawili ya kujua. Spidomita inasoma kutoka habu ya mbele, kwa hiyo sasa inatia chumvi kama asilimia 7: ikisema 64 uko 60. Na nyuma ndogo imefanya gia ziwe nyepesi, nimeisikia wazi kwenye mlima. Kwa wanaopanda milima yetu na mizigo hilo ni jema tupu.

Aina ya tairi: mbele nimeweka meno ya porini yaliyoachana, nyuma meno yaliyokaribiana. Kwenye tope jeusi la Rungwe tairi la mbele ndilo linaloamua kama unasimama au unalala, nyuma ikiteleza unaimudu. Meno marefu pande zote mbili kwenye lami yenye mvua, na malori ya TANZAM nyuma yako, sikubali.

Mpango ulikuwa shokapu za nyuma zifuate, zinavuja zote mbili na kwenye mashimo zinarusha. Lakini nikishuka leo ngoma ya mbele ilipata moto mpaka mkono wa breki ukawa unaingia hadi mwisho, na kichwa kimeshahamia huko. Nimefungua habu, brekishu zinagusa sehemu ndogo tu ya ngoma, katikati. Kesho nazipeleka kwa mkereza, ngoma ipitishwe kidogo na brekishu mpya zikerezwe zifuate duara lake. Mwenye kipimo cha mwisho cha kipenyo cha ngoma ya XL250S anipe kabla chuma hakijaanza kuliwa.