Uliza kwanza, lalamika baadaye

Kabla sijafungua saiba yangu, duka la intaneti na fotokopi, hapa Majengo, Mombasa, nilikuwa karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali mjini, nisiitaje jina. Kazi yangu ilikuwa kupokea barua, kuzipiga muhuri wa tarehe, kuziandika kwenye daftari la barua zinazoingia, kuzitia failini na kuzipeleka mezani kwa mkubwa. Ukikaa masjala unaona jambo ambalo aliye nje ya dirisha halioni. Faili haiondoki kabatini kwa sababu mtu ana shida. Huondoka pale inapopata karatasi juu yake inayodai jibu, yenye tarehe, na jina la atakayeulizwa.

Siku hizi watu waja kwangu kujaza fomu za eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, kutoa fotokopi na kupiga picha za pasipoti. Na kulalamika, hasa mtandao ukipotea na wote wamekaa kwenye viti vya plastiki hawana la kufanya. Huyu cheti cha kuzaliwa cha mjukuu, yule hati ya shamba, kijana kitambulisho ambacho kila akienda aulizwa babu yake alitoka wapi. Nawauliza wote swali moja: umeandika? Wanajibu, "Nimeenda mara nyingi." Basi mara zote hizo ulizokwenda, ndugu yangu, hazimo katika daftari lolote.

Wengi wamesikia habari za Ombudsman. Kwa jina la sheria ni Tume ya Haki ya Utawala, inayopokea malalamiko ya raia juu ya ofisi za umma, iliyoundwa kwa sheria ya 2011 baada ya Katiba mpya ya Kenya kupita, ikachukua nafasi ya kamati ya malalamiko ya umma iliyokuwako tangu 2007. Kaulimbiu yake, "Hata mnyonge ana haki", imewaingia watu vizuri kiasi kwamba wanaamini ukifika pale utakuta hakimu wa kumtandika karani aliyekusumbua. Hakuna hakimu. Kuna afisa mwenye kompyuta, na kitu cha kwanza atakachokuuliza ni: uliilalamikia ofisi yenyewe, na ushahidi uko wapi?

Hapo ndipo wengi wanaporudi mikono mitupu, wakisema Ombudsman naye ni wale wale.

Mimi nina ushauri wangu, na najua baadhi yenu hamtaupenda kwa sababu hauna raha ya kutoa hasira. Usianze na malalamiko. Anza na maswali, kwa maandishi.

Kulikuwa na mjane wa Magongo aliyekuwa akifuatilia mafao ya marehemu mumewe, mtumishi wa serikali. Hapa Mombasa walimwambia faili iko Nairobi. Akachangiwa nauli, akapanda basi la usiku, na Nairobi wakamwambia bado haijafika, iko Mombasa. Alipokuja kwangu alitaka tena fotokopi ya cheti cha kifo, maana kila dirisha lilichukua nakala yake na hakuna lililomwandikia kwamba limeipokea.

"Mwanangu, niandikie barua kali," akasema. "Waambie wanamla mjane."

"Mama, barua kali tutaiandika. Lakini leo tuandike ya maswali."

Tukauliza manne tu. Faili ilipelekwa Nairobi tarehe gani? Kwa barua yenye kumbukumbu namba gani? Kwa sasa iko mikononi mwa afisa wa cheo gani? Kuna karatasi gani inayokosekana? Hatukumlaumu mtu. Juu kabisa tukaweka kichwa: ombi la habari kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Hicho kichwa ndicho pilipili. Nimekaa upande wa pili wa dirisha, najua barua yenye kichwa hicho haibaki mezani kwa karani. Inapanda juu, kwa sababu sheria yamtaja mkuu wa ofisi yenyewe kuwa ndiye afisa wa kutoa habari, hata kama kazi ataiachia mtu wake.

Sheria hiyo ni tamu kuliko watu wanavyodhani. Unaweza kuandika kwa Kiswahili, imeandikwa waziwazi mle, kwa hivyo asikwambie mtu kaandike kwa Kiingereza. Hulazimiki kusema kwa nini unataka habari hiyo. Asiyejua kusoma wala kuandika, afisa ndiye anayepaswa kumsaidia ombi lake liandikwe. Kuomba hakuna ada, utalipia tu gharama ya kutoa nakala. Wana siku 21 za kukujibu, na wakitaka kuongeza wanaruhusiwa mara moja, siku zisizozidi 14, tena wakiwa na sababu. Jambo likiwa la uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Na kama habari iko ofisi nyingine, ofisi uliyoiandikia ina siku 5 za kulihamisha ombi lako na kukujulisha. Yule mjane alihamishwa yeye, kwa nauli ya kuchangiwa.

Siku zao hazijaisha akapigiwa simu. Faili haikuwahi kutoka Mombasa. Ilikuwa imesimama kwa sababu barua ya chifu iliacha jina la mtoto mmoja, na hakuna aliyekuwa amemwambia. Sidhani yule wa dirishani alikusudia kumdhulumu. Mstari ni mrefu, kabati liko chumba kingine, na jibu jepesi ni lile la mbali: Nairobi. Swali la maandishi lilimlazimu mtu ainuke, afungue kabati na aitazame faili. Barua kali ingejibiwa "suala lako linashughulikiwa", na tungebaki pale pale.

Sasa, wasipojibu? Hapo ndipo Ombudsman anapoingia, na anaingia akiwa na cha kushika, kwa maana tume hii ndiyo iliyopewa kusimamia sheria hiyo ya habari. Ukinyimwa, una siku 30 za kuiomba tume iuangalie upya uamuzi ule. Na kunyamaziwa baada ya muda kupita kwahesabika kuwa umenyimwa.

Mzee mmoja wa Likoni, jina lake limekosewa herufi kwenye hati ya kiwanja, aliandika na akanyamaziwa. Nikamwambia, "Ami, chukua nakala yako yenye muhuri wa kupokelewa, uvuke feri uende dawati lao pale Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali." Hakulipa kitu. Angeweza pia kueleza kwa mdomo wakamwandikia, au kutuma kwa barua pepe, lakini wazee wetu wanapenda kuona uso wa mtu. Akapewa namba ya lalamiko lake.

Wanachofanya baada ya hapo ni hiki. Kwanza wanatazama kama jambo ni lao. Ucheleweshaji, ukaidi wa kutojibu, uzembe, lugha ya kudharau, kutumia madaraka vibaya: hayo yao. Kesi iliyoko kortini hawaigusi, na nimemwona jirani yangu akirudishwa kwa hilo, wakili wake akiwa hajamwambia. Hongo wanakuelekeza kwa tume ya kupambana na ufisadi, polisi aliyekupiga kuna mamlaka yake, IPOA. Likiwa lao, wanaiandikia ofisi inayolalamikiwa itoe maelezo. Ikinyamaza, wanaikumbusha. Ikizidi kunyamaza, sheria inawaruhusu kumwita afisa mbele yao, na kupuuza wito huo ni kosa. Mengi hayafiki huko. Huishia kwenye barua, au pande mbili kukalishwa pamoja.

Kwa yule mzee, barua ya kwanza haikujibiwa. Baada ya ukumbusho jibu likaja, likiandikwa kwa tume na nakala kwake, lina jina la afisa na tarehe ya kwenda na hati yake. Herufi bado haijarekebishwa ninapoandika haya, maana kumezuka habari ya ramani. Lakini sasa ana mtu wa kumuuliza kwa jina, na mzee akiwa na jina la mtu hachoki.

Msimtarajie Ombudsman afanye asichokiweza. Hamfukuzi mtu kazi. Anachunguza na kupendekeza, na ofisi ikipuuza anaweza kupeleka ripoti Bungeni. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ilisema mapendekezo ya namna hiyo hayaifungi taasisi ya serikali kama amri ya korti inavyofunga. Wapo wanaosema basi tume ni simba wa karatasi. Mimi niliyelishwa na karatasi nasema mkubwa wa ofisi aogopa kuandikiwa kuliko kupigiwa kelele. Na kazi hii hivi ndivyo ilivyo kote tangu Waswidi walipoianza 1809: mtu mmoja mwenye haki ya kuuliza na kuiona faili. Jirani zetu Tanzania walikuwa na tume yao ya kudumu ya uchunguzi tangu 1966, wakiwa wa kwanza Afrika, nayo kazi yake ilikuwa kuchunguza na kupeleka taarifa kwa Rais.

Kuna upande mwingine wa kazi yao ambao raia hauoni, nao ndio unaonikera zaidi. Taasisi za umma zinapimwa kila mwaka kwa mikataba ya utendaji, na moja ya vipimo ni jinsi zilivyotatua malalamiko ya wananchi. Kila robo mwaka zinapeleka ripoti kwa tume: malalamiko mangapi yamepokelewa, mangapi yameisha. Tume inazipa alama na cheti. Nia ni njema. Lakini kinachoripotiwa ni kile kilichoandikwa. Mama aliyelia dirishani akaambiwa njoo kesho hayumo katika ripoti. Kijana aliyeondoka akitukana ngazi nzima naye hayumo. Ofisi ambayo wateja wake wamekata tamaa hata ya kulalamika inaweza kuonekana safi kuliko ile ambayo watu wake wana moyo wa kuandika. Nimeona sanduku la maoni ambalo kufuli lake limeshika kutu, na ukutani juu yake mkataba wa huduma umening'inia, wasema cheti fulani hutolewa kwa siku kadhaa na kwa ada kadhaa. Huo mkataba upige picha kwa simu yako. Wameahidi wenyewe, na ahadi hiyo ndiyo utakayoinukuu.

Kwa hivyo, mkija kwangu, njooni na kitambulisho, karatasi zote mlizopewa hata kama ni kijikaratasi kilichoandikwa kwa kalamu, tarehe mnazozikumbuka na picha ya ule mkataba wa ukutani. Barua tunachapisha nakala mbili. Moja mwaiacha, nyingine mwapigiwa muhuri na mwarudi nayo nyumbani. Karani akikataa kuipiga muhuri, msibishane naye. Mwombeni kwa adabu aandike kwa mkono tarehe na cheo chake. Akikataa na hilo, itumeni kwa rejista ya posta, hiyo haimwombi mtu ruhusa.

Natoza kuchapisha tu, kuandika silipishi. Ijumaa nafunga saa sita, nafungua saa nane baada ya swala.