Siku Umeme Uliporudi Tukipiga Deki

Mwaka 2006 nilikuwa kidato cha pili, shule ya kutwa jirani na bwawa la umeme la Kidatu. Ukitoka nje ya darasa unaziona nguzo za chuma zilizobeba umeme wa bwawa kuupeleka Dar es Salaam. Mitambo ya Kidatu ina uwezo wa megawati 204, lakini mvua zilikuwa zimegoma, maji ya Mtera, bwawa la juu linaloilisha Kidatu, yameshuka mno, na sisi tuliolala chini ya nyaya zile tulikaa gizani kama watu wa kwingine. Mgao haukujua ujirani.

Shule ilikuwa na kompyuta tano, mitumba ya Ulaya, zimefunikwa vitambaa vya maua tulivyovishona sisi wasichana. Kipindi kilikuwa Alhamisi, umeme ukiwepo. Mnavua viatu mlangoni, mnajigawa wanane wanane kwa kila mashine, kisha mvulana ambaye kaka yake ana intaneti kafe mjini anakalia kiti na kushika kipanya, wenzake wanamzunguka kama wanaotazama bao. Sisi nyuma tunaona visogo. Mtihani ulipofika tuliandika kwenye karatasi kwamba kipanya ni kifaa cha kuingizia taarifa, tukapewa alama zetu.

Deki ndiyo ilikuwa yetu. Kwa nini usafi wa chumba kile uwe zamu ya wasichana tu, sikumbuki kama kuna aliyewahi kuuliza.

Alhamisi moja umeme ulikatika hata kipindi hakijaanza, wengine wakaruhusiwa kwenda nyumbani. Tukabaki watatu na ndoo. Nimeinama na tambara, nikasikia feni inaanza kuzunguka. Tukatazamana. Mwenzetu wa kutoka Ifakara, mkimya kuliko sote, akafuta mikono kwenye sketi, akafunua kitambaa, akabonyeza.

Nikakalia kiti kwa mara ya kwanza. Kipanya kilikuwa chepesi kuliko nilivyodhani. Ule mshale ulikimbilia pembeni kama kuku aliyekatiwa kamba. Halafu zile herufi! A iko huku, B iko kule. "Nani kazivuruga hivi?" nikauliza, tukacheka hadi tukazibana midomo. Jina langu lina herufi saba tu, lakini kuliandika kulinitoa jasho.

Mwalimu akarudi kuchukua koti lake.

"Nani kawaruhusu?"

"Umeme umerudi wenyewe, mwalimu," akajibu yule wa Ifakara.

Tulikuwa tunangoja fimbo. Yeye akakimbilia ndoo, ambayo tulikuwa tumeiegesha juu ya waya wa umeme uliolala sakafuni, akaitoa nje kwa mikono yake. Aliporudi akasoma jina langu kwenye kioo.

"Mbona kipindini hamgusi?"

Tukanyamaza. Ungemjibu nini? Kutoka mezani kwake nadhani alikuwa anahesabu vichwa vinane kwa kila mashine, akaamini wanane wanajifunza. Kabla hatujapata la kusema, umeme ukakatika tena, jina langu likaenda nao.

Alhamisi iliyofuata niliwahi, nikakaa. Mwenye kaka wa intaneti kafe akaja. "Sogea," akasema. Nikasogea.

Kwenye mashine ya jirani yule wa Ifakara aliambiwa vivyo hivyo. Akamuuliza mvulana kama chumba kile alishawahi kukipiga deki hata siku moja, kisha akaendelea kutafuta herufi zake, kidole kimoja kimoja.