Maji yamekwenda wapi

Wimbo wetu wa mashindano ulipata kibwagizo siku niliyomtumia mwenzangu wa Mwanza video ya ufukwe wa Sahare, hapa Tanga. Akanirudishia voisi ya sekunde nne: "Kaka, sasa maji yamekwenda wapi?"

Hakuwa anatania. Amekulia kando ya Ziwa Victoria, ambako mtumbwi ukiuacha majini jioni, asubuhi unaukuta majini. Mimi nilipiga ile video saa nne asubuhi, siku ya bamvua, yaani zile siku bahari inajaa na kupwa kuliko kawaida. Maji yamepwa hadi huko, ngalawa zimelala ubavu, na watoto wanacheza mpira pale ambapo jana yake jioni ungelazimika kuogelea. Nilicheka mpaka mteja aliyeleta simu kubadilisha kioo akaniuliza kulikoni.

Mimi ni fundi simu hapa Ngamiani, na wikiendi napiga kinanda kwenye harusi. Shindano lilitaka wimbo mpya wa Kiswahili kuhusu bahari, usiozidi dakika nne, na watunzi watatu wa mikoa tofauti. Sharti hilo la mwisho ndilo lililotukutanisha: mimi, mpiga gita wa Mwanza, na dada mmoja wa Pemba mwenye sauti ambayo ukiisikia unaweka chini kikombe cha chai. Mpaka leo hatujaonana. Kwenye simu yangu wameandikwa "Gita Mwanza" na "Dada Pemba", na hapa nitawaita hivyo hivyo.

Tulianza kwa upuuzi. Tulidhani tutapiga pamoja kwa simu ya video, kila mtu kwake, kama tuko ukumbini. Wimbo ulikuwa mapigo 96 kwa dakika, maana yake pigo moja ni kama sekunde 0.6 tu. Sauti ikichelewa theluthi ya sekunde njiani, tayari mmepishana nusu pigo. Mimi namsikia Gita Mwanza amechelewa, napunguza mwendo nimsubiri. Naye ananisikia mimi nimechelewa zaidi, anapunguza anisubiri. Tukawa tunasubiriana hivyo hadi wimbo ukageuka wa msibani. Dada Pemba akasema, "Jamani, mimi nitalala," akakata simu.

Baada ya hapo kila mtu akawa anarekodi peke yake. Niliwatumia kinanda pamoja na mlio wa kuhesabia mapigo, na kabla ya pigo la kwanza makofi matatu. Hayo makofi yaliokoa ndoa yetu: kila faili likija, nayalinganisha na yangu, kila kitu kinakaa mahali pake. Halafu nikawasihi wasitume nyimbo kama voisi ya WhatsApp, kwa sababu inabanwa mpaka gita linasikika kama limo ndani ya debe. Tuma kama dokumenti. Shida ya dokumenti ni uzito, sauti moja tu ya Dada Pemba ilikuwa MB 29, kwa hiyo tukawa watu wa bando la usiku.

Sauti yake ya kwanza ilinitia hofu kweli. Naifungua, inatoka nzito, inajikokota, kama mzee aliyetoka kuamka. Wimbo wa dakika 3 na sekunde 20 ukawa unamalizika karibu dakika 3 na sekunde 38. Nikaanza kutafuta maneno ya upole ya kumwambia dada wa watu kwamba labda anaumwa mafua. Kumbe kosa langu. Simu yake ilirekodi sampuli 48,000 kwa sekunde, yaani vipande vidogo vidogo vya sauti, na ile programu yangu ya zamani ililisoma faili kana kwamba ni 44,100. Sampuli ni zile zile, ila zinatolewa polepole, na sauti nayo inashuka. Miaka tisa natengeneza simu za watu, na hilo lilinichukua jioni nzima.

Turudi kwenye kibwagizo. Ile voisi ya sekunde nne niliipeleka kwenye grupu letu ili tucheke wote. Dada Pemba hakucheka. Aliandika: "Hesabuni." Ma-ji-ya-me-kwe-nda-wa-pi. Mizani nane, kipande kamili cha shairi, na aliyekitoa hajui hata mizani ni nini. Dakika chache baadaye akaleta kipande cha pili:

*Maji yamekwenda wapi, yaliahidi kurudi*

Kabla ya hapo tulikuwa na kurasa mbili za "tuitunze bahari yetu, ni urithi wetu," maneno ya mabango ya semina. Tulizifuta zote usiku ule. Beti ya silikanti, yule samaki wa kale, niliyoipenda sana ikaenda nayo. Nilijivunia kwamba sisi Tanga tuna hifadhi ya bahari yenye jina la samaki huyo tangu 2009, lakini Dada Pemba alisema nimeiimba kama taarifa ya habari, na alikuwa sahihi.

Ugomvi ulikuja pale Gita Mwanza aliporekodi sauti ya pili. Yeye aliimba "yameenda". Dada Pemba anaimba "yamekwenda". Ukihesabu, zote mbili ni mizani nane, kwa hiyo hesabu haikuweza kutuamulia. Ukizicheza pamoja, ile *kwe* na ile *e* zinasikika kama watu wawili wanaogombea mlango mmoja. Dada akatuma ujumbe: "Mwambieni kaka airejeshe k yangu." Gita Mwanza akajibu kwamba kwao ndivyo wanavyosema, na yeye si mtu wa kuigiza. Kisha kimya. Siku mbili. Tiki za bluu zipo, jibu hakuna.

Mkiwa chumba kimoja, mtu akinuna unamwona kanuna. Mtandaoni unabaki kubahatisha. Nilimweleza mjomba, ambaye zamani alikuwa mpiga kodiani na amekulia mitaa hii hii enzi bendi za Black Star na Lucky Star zinaipa taarab gita na besi. Akaniambia wao walikuwa wakigombana kwenye mazoezi, halafu wanarudi nyumbani na baiskeli moja. Kisha akataka kuusikia wimbo. Nikampa headfoni. Alisikiliza amefumba macho, vidole vya mkono wa kulia vinakunjuka kimoja kimoja juu ya goti. Kwenye ubeti wa pili vikasimama.

"Rudia hapo, mwanangu."

*Ngalawa zimelalia, ubavu juu ya matope*

"U-ba-vu-ju-u-ya-ma-to-pe. Tisa. Ma imezidi, itoe."

"Tope?"

"Kwani tope siyo matope?"

Nikamwandikia Dada Pemba kwamba mjomba ametukamata. Akajibu hapo hapo, kwa kicheko. Kumbe siku zote mbili alikuwa harusini, hakununa chochote. Aliyekuwa amenuna ni Gita Mwanza, naye alijimalizia mwenyewe: akaleta rekodi mpya ambayo anaimba "maji" pamoja na dada, ananyamaza kabisa kwenye "yamekwenda", halafu anaingia tena kwenye "wapi". Ni mahali ninapopapenda kuliko pote katika wimbo ule.

Fomu ilitaka asilimia za kila mtunzi, jumla 100. Niliwaambia tuandike kabla ya kutuma, maana wimbo ukishapata pesa kumbukumbu za watu hubadilika. Mia haigawanyiki kwa watatu. Dada Pemba akasema 34 apewe aliyeuliza swali, na hakuna aliyebisha. Mjomba naye alidai ya kwake kwa ile "ma". Nikampa chupa ya soda.

Tulituma saa tano na dakika arobaini usiku, wakati mwisho ulikuwa saa sita. Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi, nikatumia kompyuta ya jirani mwenye betri nzima na moyo mzuri.

Hatukushinda. Hata kumi bora hatukuingia. Niliusikiliza ule ulioshinda na ni wimbo mzuri, ingawa una "urithi wetu" mara sita, nimehesabu.

Juzi Gita Mwanza kaniandikia kwamba amepata safari ya Dar, anaweza kufika Tanga siku mbili. Hakuuliza nauli wala mahali pa kulala. Ameuliza bamvua ni lini. Nimemwambia aje mwezi ukiandama, tuwe Sahare saa nne asubuhi, na asivae viatu vya maana.