Miaka 14 Haitoshi: Sheria ya Ajira Iifuate Shule

Kila mjadala wa ajira ya watoto unapozuka nchini Tanzania, lawama huelekezwa kwenye utekelezaji: maafisa kazi hawatoshi, machimbo yako mbali, wazazi hawana kitu. Hayo ni kweli, lakini sehemu ya tatizo imo ndani ya sheria yenyewe, nasi tumechelewa mno kuisoma.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto, ila mtoto inayemkusudia ni aliye chini ya miaka 14; umri wa miaka 18 hutumika pale tu kazi inapokuwa ya hatari. Aliyefikisha 14 anaruhusiwa kazi nyepesi, isiyomdhuru wala kumzuia kuhudhuria shule. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilikwenda mbali zaidi. Kwayo, mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, ni marufuku kumfanyisha kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, na kazi za hatari zimetajwa waziwazi: kwenda baharini, kuchimba madini na mawe, kubeba mizigo mizito, viwanda vyenye kemikali, kazi za mashine, pamoja na baa, hoteli na kumbi za starehe.

Orodha hiyo naithamini sana. Anayeyajua machimbo madogo ya dhahabu ya Geita au Chunya anaelewa kwamba si lazima mtoto ashuke duarani, yaani kwenye shimo la kuchimbia, ndipo aumie. Huponda mawe, hubeba viroba, huosha mchanga mwaloni (mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu) na kuchanganya zebaki kwa mikono mitupu, na zebaki hiyo inapochomwa, mvuke wake huingia mapafuni na kuharibu mishipa ya fahamu, madhara yanayouelemea zaidi mwili ambao bado unakua. Hapa sheria haina utata wowote.

Utata uko kwa msichana wa miaka 15 aliyeletwa mjini kuwa dada wa kazi. Umri wa 14 ameuvuka, na kazi zake hazimo katika orodha. Anaamka saa kumi alfajiri, muda uliokatazwa na Sheria ya Mtoto, lakini ni nani atakayemwona saa hiyo ndani ya nyumba ya mtu?

Wakati huohuo, Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imeifanya elimu ya lazima kuwa ya miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini, hivyo mtoto anayeanza darasa la kwanza akiwa na miaka 6 atamaliza akiwa na 16. Mkataba Na. 138 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1973 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 1998, unataka umri wa kuanza kazi usiwe chini ya umri wa kumaliza elimu ya lazima, wala chini ya miaka 15. Umri wa 14 ni nafuu ya kuanzia tu, kwa nchi ambazo uchumi na elimu yake havijaendelea vya kutosha. Nchi inayoahidi miaka 10 ya shule haina tena sababu ya kuing'ang'ania nafuu hiyo.

Ninachoomba Bunge lifanye ni kifupi: tafsiri ya mtoto katika Sheria ya Ajira itaje miaka 16 badala ya 14, na kazi za ndani za kulala nyumbani kwa mwajiri ziongezwe katika orodha ya kazi za hatari, ili zisiruhusiwe kwa yeyote aliye chini ya miaka 18.