Nilivyoacha kununua ridi za obo

Kila anayejua muziki kidogo aliniambia: "Ridi nunua tayari, usijisumbue." Haya, nikanunua. Zilitoka Uingereza, moja kama elfu tatu hivi ukiweka na ushuru. Shida ni kwamba zimechongwa karibu na usawa wa bahari, na Nairobi tuko juu mita 1,700 hivi, hewa nyepesi. Napuliza mpaka masikio yanaziba, obo kimya. Kwa asiyeijua, obo ni jamaa ya nzumari ya Pwani: ridi yake ni midomo miwili ya mwanzi inayotetemeka pamoja. Mwili wake mweusi ni mpingo, mti wetu wa Afrika Mashariki, tunaouziwa tena ukiwa umevishwa vyuma. Tuache hayo.

Siku moja nikajiona mjanja. Mwanzi si mwanzi tu? Nikashuka mtoni na kisu cha jikoni, nikakata matete ya kujaza kwapa. Mzee mmoja mchungaji akauliza, "Mama, unajenga?" Nikamwambia natengeneza kitu cha kupuliza. Akanitazama, akasogeza mbuzi wake mbali nami. Nikayaanika wiki mbili juu ya mabati, nikachonga, nikafunga kwa uzi. Nilipopuliza, jirani wa juu alishuka kuuliza kama tunachinja bata. Dakika ya tano mate yakapenya, ridi ikalegea kama sukuma iliyosahauliwa jikoni.

Sasa naagiza mwanzi wa kusini mwa Ufaransa, nachonga mwenyewe. Kisu kiwe kikali, butu kinararua. Ule ulimi mwembamba wa chuma unaoingizwa katikati ya midomo ulinipotea. Nikakata kopo la soda, nikapiga kingo msasa. Wa dukani sijautamani tena. Ncha ichonge nyembamba kuliko unavyofundishwa, kisha ipulize ridi peke yake: ikilia noti ya C, ya juu na ya chini kwa pamoja, weka kisu chini. Mimi siweki. Ndiyo maana kwenye kumi napata mbili.

Na Julai, ukiwa kwenye matatu, kipande cha juu cha obo kikae ndani ya koti. Mpingo baridi ukiupulizia pumzi moto hupasuka. Bei ya kuziba ufa wa kwangu, mume wangu hajaambiwa mpaka leo.

Tamasha la mwisho, okestra nzima ilinyamaza kungoja noti yangu ya A, mitetemo 440 kwa sekunde, wote walinganishe ala zao nayo. Ikatoka imenyooka, fidla zikaifuata. Hakuna aliyejua kwamba kikebeni nilikuwa nimebakiwa na ridi hiyo moja tu.