Udongo uliofaulu kwa nyuzi 20

Ilikuwa Februari, kaskazi imekaza, kontrakta alipoweka karatasi mbili juu ya meza ya maabara. Udongo ulikuwa ule ule: mfinyanzi wa Miritini uliochanganywa na asilimia 6 ya bentonaiti, udongo unaovimba ukilowa na kuziba mianya, wa kutandikwa chini ya shimo la taka. Maabara moja ya Nairobi iliandika kwamba maji hupenya kwa 0.96 × 10⁻⁹ m/s. Vipimo vyetu vya awali vilisema 1.2 × 10⁻⁹. Kikomo cha mkataba kilikuwa 1 × 10⁻⁹.

"Sasa nani mwongo hapa?"

Hapakuwa na mwongo. Wenzetu walipima kwenye chumba cha nyuzi 20 za Selsiasi, sisi kwenye 30. Maji ya joto ni mepesi kutiririka: mnato wake, yaani ugumu wa kutiririka, ni 1.00 mPa·s kwa nyuzi 20, na 0.80 kwa nyuzi 30. Zidisha 1.2 kwa 0.8, utapata 0.96. Ndiyo maana ripoti ya mwisho hurudishwa kwenye nyuzi 20, ili maabara zote zisomane.

Kontrakta akaanza kukunja karatasi zake, uso umekunjuka. Mkuu wetu akamzuia: "Ngoja kwanza, mwanangu. Huko shimoni kutakuwa na nyuzi ngapi?"

Ardhi ya Mombasa haishuki hadi 20, na taka zinazooza hupasha tabaka la chini nyuzi 30 hadi 60. Tukakubaliana kukipima kipande cha udongo ule ule kikiwa moto.

Tulikishindilia ndani ya pete ya chuma ya kipenyo cha milimita 75, kimo milimita 20, unyevu ukiwa juu kidogo ya ule unaotoa ushindiliaji bora. Upande mkavu madonge hubaki na mianya kati yake, na maji hupita humo badala ya kupita ndani ya udongo. Kifuniko kikabanwa dhidi ya geji ya nguvu ili udongo usipate pa kuvimbia, maji yakaingizwa kutokea chini, tukasubiri hadi msukumo wa udongo kwenye geji ulipotulia. Hapa haraka haisaidii kitu.

Maji yalichemshwa kwanza kutoa hewa. Ukiyaacha na hewa yake, vipovu hutoka joto likipanda, huziba vitundu, nawe utadhani udongo umekaza. Maji ya kisima cha kisiwani hatukuyagusa: chumvi hupunguza kuvimba. Juu ya maji ya mrija wa kupimia tulitia tone la mafuta yasikauke, maana kwa nyuzi 30, maji yakisukumwa na kimo chake cha milimita 600, mtiririko ulikuwa kama mililita 14 tu kwa siku, na upepo wa feni ungeweza kuiba sehemu yake.

Kabla ya hapo tulipasha kifaa kikiwa na kipande cha chuma mahali pa udongo. Pete na geji navyo hutanuka, na usipoutoa mchango wao utausoma kama nguvu ya udongo.

Kila tulipopandisha joto, geji iliruka. Wengi husimama hapo na kuandika kwamba joto linaongeza uvimbe. Kilichoruka ni maji: hutanuka kuliko madini, na ndani ya udongo uliobanwa hayapati njia ya kutoka upesi. Bomba likiwa wazi, ukivumilia, msukumo hushuka, na safari hii ulitua chini ya ulipoanzia. Maji yaliyoshikwa kati ya vijitabaka vya madini hulegea, yakahamia kwenye vinyweleo vikubwa. Si kila bentonaiti hufanya hivyo. Yenye kalsiamu hupungua. Ya sodiamu isiyoshindiliwa sana huweza hata kupanda kidogo. Stima ilipopotea usiku mmoja ilibidi turudie hatua nzima.

Kwa nyuzi 60 mnato ni 0.47, kwa hiyo tulitarajia mililita 23 na ushei kwa siku. Zilitoka pungufu kidogo ya hapo, lakini kikomo kilikuwa kimeachwa mbali: karibu mara mbili.

Mkuu akaandika sharti jipya: kwa nyuzi 20 udongo usizidi 0.45 × 10⁻⁹, ili ukifika 60 ubaki chini ya 1. Bentonaiti ikapandishwa hadi asilimia 8. Kontrakta alipiga hesabu ya magunia papo hapo, akauliza kama hatuwezi kuongeza kushindilia tu. Tulimwambia alete sampuli nyingine.